Betri Huzeekea Wapi: Barabarani au Uani?

Mama mmoja muuza samaki wa Kilwa Masoko amechoka kukodi bodaboda. Kila alfajiri huchukua mzigo pwani ya Jimbiza, huufunika kwa barafu na kuupeleka Kivinje, kama kilomita 30, na biashara ikichangamka hufika hadi Nangurukuru. Sasa ameonyeshwa bajaji ya mizigo ya umeme iliyotumika miaka mitatu. Haili petroli, haina klachi, na bei yake inashawishi. Kinachomtia wasiwasi ni sanduku lililo chini ya kiti, yaani betri. Muuzaji anasema ni nzima. Fundi wake anamwambia asithubutu. Jirani yake, mwalimu wa fizikia, anasema anunue kwa masharti. Na kijana anayeendesha bajaji ya umeme ya abiria anasema wote wawili wanakuza mambo.

Mama, Fundi, Mwalimu na kijana ni sauti za mjadala. Wa aina yao hawakosekani katika baraza lolote kuanzia Somanga hadi Mchinga. Wanachobishania ni hiki: je, betri ya chombo cha umeme inadumu katika joto, chumvi na umeme wa pwani ya Lindi, na ni nini hasa kinachoizeesha?

Hoja ya joto

Fundi ndiye aliyefungua, na alianza na jua.

“Mama, vitu hivi vimetengenezwa na watu wa nchi za baridi. Kaskazi ikiingia hapa, Desemba mpaka Machi, mchana ni nyuzi 31, 32, na usiku nao haupoi. Simu tu nikiisahau kwenye dashibodi inajizima yenyewe. Hilo sanduku la kilo hamsini litapona?”

Mwalimu hakubisha. Alimwongezea ushahidi. Nissan Leaf, gari la umeme lililoingia sokoni mwishoni mwa 2010, lilipata aibu yake ya kwanza mahali penye joto. Mwaka 2012 wamiliki wake wa Phoenix, Arizona, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, walianza kuona vijiti vya kipimo cha uwezo wa betri vikipotea kimoja baada ya kingine. Gari likiwa jipya huonyesha vijiti 12, na hivyo havipimi chaji ya leo bali ukubwa wa tangi lenyewe. Betri ya Leaf hizo haikuwa na maji ya kuipoza; ilitegemea hewa tu. Nissan iliishia kutoa dhamana kwamba vijiti visishuke chini ya 9 ndani ya miaka mitano au maili 60,000, ambazo ni kama kilomita 96,000, na katika toleo la 2015 ikaleta betri yenye kemikali zinazostahimili joto zaidi.

“Mmesikia wenyewe,” Fundi akasema, akiwatazama wengine.

“Sijamaliza, Fundi. Hao wa Arizona wametufundisha mambo mawili. La kwanza, joto linaua betri, hapo umesema kweli. La pili, betri si kitu kimoja. Gari ni lile lile, jina lile lile, lakini kemikali zilipobadilishwa uvumilivu wake ukabadilika. Kwa hiyo mama asiulize kama betri za umeme zinafaa Kilwa. Aulize hii iliyo mbele yake ni ya aina gani na imeishije.”

Kilwa haifiki nyuzi 40, lakini pia haina majira ya baridi ya kuipumzisha betri. Kusi hupunguza makali, basi. Na betri huhesabu saa zote 24, pamoja na zile chombo kinapokuwa kimeegeshwa chini ya bati.

Hapo ndipo kijana alipoingilia. “Wazee wangu, mimi huu mwaka wa pili. Naendesha kutwa, abiria juu ya abiria, na betri haijanisumbua.”

“Haijakusumbua kwa sababu unaendesha, mwanangu,” Mwalimu alimjibu. Na jibu hilo likageuza mjadala.

Kinywe cha Ruangwa

Ili kuelewa alichomaanisha inabidi kuingia ndani ya betri, na mkoa wa Lindi una hisa yake humo. Wilaya ya Ruangwa ina akiba kubwa ya madini ya kinywe, na miradi ya kuyachimba kama Lindi Jumbo, Nachu na Chilalo yote iko huko. Kinywe ndicho hutumika katika upande hasi wa betri nyingi za lithiamu. Upande chanya ndio hutofautiana: kuna betri za nikeli, manganizi na kobalti, ambazo kibandiko chake huandikwa NMC, na kuna za chuma na fosfati, zinazoandikwa LFP. Nikeli ya Kabanga kule Ngara na kobalti ya Kongo zinahusu zile za kwanza. Bajaji na pikipiki nyingi za umeme za siku hizi hutumia za pili, kwa kuwa ni nafuu, zinavumilia joto zaidi na si nyepesi kuwaka.

Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu husafiri na kujipanga katikati ya tabaka za kinywe. Inapotumika, zinarudi. Juu ya kinywe kuna utando mwembamba unaojiunda tangu siku ya kwanza, nao ni wa lazima, maana bila huo kimiminika cha ndani kingeendelea kuharibika. Tatizo ni kwamba utando haukomi kukua. Unanenepa polepole kama ukoko wa sufuria isiyosuguliwa, na kila unaponenepa unakamata lithiamu ambayo haitarudi kazini tena. Mambo mawili huuharakisha kuliko mengine: joto, na betri kukaa imejaa kwa muda mrefu. Wanakemia wana makadirio kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya mambo ya namna hii huelekea kuwa maradufu.

“Kwa hiyo,” Mwalimu akaendelea, “betri iliyojaa pomoni, imekaa chini ya bati kuanzia saa 9 alasiri hadi kesho yake, inazeeka bila kusogea hata hatua. Ya kijana huyu inajaa na kupungua, inajaa na kupungua. Haipati nafasi ya kukaa imejaa.”

Takwimu zinaelekea upande wake. Geotab, kampuni ya Kanada inayofuatilia magari ya biashara kwa vifaa vya kielektroniki, ilichambua rekodi za maelfu ya magari ya umeme na mwaka 2024 ikaripoti upungufu wa wastani wa asilimia 1.8 ya uwezo wa betri kwa mwaka. Uchambuzi wake wa awali ulikuwa umetoa asilimia 2.3. Ulionyesha pia kuwa magari yanayofanyishwa kazi sana hayakuchakaa betri kwa kiasi kikubwa kuliko yanayotembea kidogo, ila yale ya sehemu za joto, na yale yanayochajiwa mara kwa mara kwa mitambo ya kasi, yalichakaa upesi zaidi.

Fundi aliona ufa. “Hayo ni magari, Mwalimu, tena yenye maji ya kupoza na kompyuta ya milioni ngapi. Bajaji ya mama ina nini? Boksi la bati na feni, kama ipo.”

Ufa huo ni wa kweli. Asilimia 1.8 ya magari ya Ulaya na Marekani haiwezi kuhamishiwa Kivinje kwenye chombo cha magurudumu matatu. Kinachohamishika ni kanuni: joto na ujazo. Betri ndogo isiyo na kipoza inaihitaji kanuni hiyo kuliko gari la kifahari.

Kaida za betri ya maji

Mabishano makali zaidi yalitokea kwenye jambo dogo: chaji ngapi?

“Betri isikae na njaa,” Fundi alisisitiza. “Miaka yote nimewaambia watu: ukirudi, chomeka, ijae, iache hapo hapo. Betri inayolala nusu inakufa.”

Na amesema kweli, kwa betri anayoifahamu. Betri ya maji, ile ya risasi na asidi iliyo kwenye kila daladala, ikiachwa na chaji pungufu hujenga magamba ya chumvi ya risasi kwenye sahani zake, na magamba hayo yakigeuka magumu hayatoki. Dawa yake ni kuijaza kila inapopungua. Bajaji za umeme za bei ya chini bado hutembelea betri hizo, tano au sita za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na kwao ushauri wa Fundi haujabadilika hata nukta.

Betri ya lithiamu inataka kinyume. Raha yake iko katikati. Ya NMC, watengenezaji wengi wa magari hushauri kwa matumizi ya kila siku iishie asilimia 80, na ijazwe kabisa siku ya safari ndefu tu. Ya LFP ina kasoro ya namna yake: volti yake karibu haibadiliki kuanzia ikiwa juu hadi iko chini, hivyo kompyuta yake hupoteza hesabu na kuonyesha asilimia 40 wakati zimebaki 15. Inahitaji kujazwa mara kwa mara ili kipimo kijipange upya na seli zilingane. Tesla huwashauri wenye magari ya LFP wajaze mpaka asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki. Kujaza si kosa. Kuiacha imejaa siku nzima bila kazi ndiyo taabu.

“Na ile ya kuimaliza kabisa kwanza?” kijana akauliza. “Tuliambiwa simu mpya uichaji saa nane, kisha uitumie mpaka izime.”

Hiyo ni kaida ya betri za zamani za nikeli na kadimi, ambazo zilikuwa na ugonjwa wa kukariri. Lithiamu haina ugonjwa huo. Kuimaliza hadi izime kila siku ni kuichosha bure.

Mwalimu alichukua ratiba ya mama kuwa mfano. Anaondoka alfajiri, anarudi karibu na adhuhuri, betri ikiwa ya moto na imepungua. Akiichomeka palepale, itajaa alasiri na kukaa hivyo, kwenye joto, kwa karibu nusu siku. Akiiacha ipoe kivulini, akaichomeka saa 5 usiku, itamaliza karibu na saa 10 alfajiri, muda wa kuondoka. Umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni saa tu.

“Na TANESCO wakikata usiku huo?” Fundi akauliza. “Samaki wataoza wakisubiri fizikia yako.”

Mama alicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Mwalimu alikubali kwamba msimu umeme unapoyumba ni afadhali kuanza mapema, baada ya isha, na kujaza nusu kwanza. Biashara iliyosimama inagharimu kuliko asilimia moja ya betri.

Soketi, chumvi na maji

Fundi alipoona ameshindwa nusu kwenye kemia, alihamia kwenye mambo anayoyashika kwa mkono, na hapo hakuna aliyempinga.

Alitoa mfukoni kipande cha ekstensheni alichokikata kwa mteja. Tundu moja lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, plastiki imebonyea, na shaba ya ndani imekuwa nyeusi. Chaja ya bajaji haivuti umeme mwingi kuliko pasi, lakini pasi hutumika dakika kumi na chaja huvuta saa tano mfululizo. Ekstensheni ya waya mwembamba haikuundwa kwa kazi hiyo. Ushauri wake: soketi ya ukutani yenye waya mnene, swichi yake yenyewe, na umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri utulie kabla ya kuchomeka. Mshtuko wa umeme unaporudi huanza na chaja.

Kisha chumvi. Maji ya barafu yanayotiririka kwenye kreti la samaki ni maji ya chumvi, na kwenye bajaji ya mizigo yanateremka moja kwa moja kwenye boksi la betri. Fundi amefungua viunganishi vyenye ukoga wa kijani unaobana waya. Ukoga huo huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto, na joto huyeyusha kiunganishi. Dawa ni trei ya kukinga maji chini ya kreti, kitambaa kibichi cha maji baridi badala ya mpira wa kuoshea, na kukagua viunganishi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa.

“Mimi betri nailaza uvunguni mwa kitanda,” kijana akasema. “Wezi.”

Wote watatu walimgeukia. Mwaka 2023 jijini New York watu 18 walikufa katika mioto ya betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme, na wakuu wa zimamoto wa jiji walilaumu kwa sehemu kubwa betri zisizokaguliwa na chaja zisizo zake. Betri ikivimba, ikitoa mlio wa kufoka au harufu kali, haichajiwi tena, na haikai mahali inapoziba mlango wa kutokea.

Mafuriko nayo yana somo lake. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita pwani hii, na mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Mvua ya barabarani si tishio kwa betri iliyofungwa vizuri. Tishio ni kuzama kwenye maji ya chumvi. Florida iliona hilo baada ya Kimbunga Ian, Septemba 2022: baadhi ya magari ya umeme yaliyolowa maji ya bahari yaliwaka moto baadaye, mengine siku nyingi baada ya maji kukauka, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani hujenga njia za umeme baina ya seli. Chombo kilichozama baharini hakichajiwi, huwekwa mbali na nyumba, kama mita 15, hadi mtaalamu akifungue.

Kipimo cha LUKU

Mama alikuwa amesikiliza muda mrefu. “Sawa,” akasema. “Lakini hii ya miaka mitatu, nitajuaje imelala imejaa au haikulala? Muuzaji hawezi kuniambia.”

Kwa gari kama Leaf kuna njia: kifaa kidogo cha Bluetooth na programu ya simu iitwayo LeafSpy husoma afya ya betri. Hata hivyo wapo wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijiti 12 virudi, kisha vinaanza kupotea mnunuzi akishafika kwake. Bajaji nyingi hazina hata mlango wa kuchomeka kifaa hicho.

Kipimo alichopendekeza Mwalimu hakihitaji programu. Kibandiko cha betri kimeandikwa 72V 100Ah. Zidisha namba hizo upate 7,200, gawa kwa elfu, na unapata 7.2, ambazo ni uniti zile zile za LUKU. Betri ikiwa mpya ingebeba uniti 7.2. Sasa bajaji iendeshwe mpaka ikate yenyewe, mara moja tu kwa ajili ya kipimo, kisha ichajiwe hadi ijae kwenye nyumba ambayo kila kitu kingine kimezimwa. Tuseme LUKU imepungua uniti 6.4. Toa sehemu moja ya kumi inayopotea kuwa joto kwenye chaja, zinabaki kama 5.8. Hiyo ni asilimia 80 ya upya wake.

Fundi alizirudia hesabu kwa kidole kwenye vumbi, akakubali. “Hii naiweza,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata kifaa kipya.

Kijana alifanya hesabu yake. Safari ya kwenda na kurudi Kivinje itakula kama uniti 5. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya TANESCO, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni shilingi 1,460. Mwalimu alimkumbusha mama kwamba nyumba iliyo kwenye daraja la chini, la uniti 75 kwa mwezi, itatoka kwenye daraja hilo siku bajaji itakapoingia uani. Na betri ya asilimia 80 inafika Kivinje na kurudi. Ikishuka kwenye 70, itafika kwa mashaka siku yenye mzigo mkubwa na upepo wa mbele.

Kuna waliokwepa swali hili lote. Kampuni ya pikipiki za umeme ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 na kampuni kadhaa zimefuata Kenya na Uganda: dereva hamiliki betri, anabadilisha iliyoisha kwa iliyojaa, na uzee wake ni tatizo la kampuni. Kijana anaona hiyo ndiyo njia. Fundi anajibu kwamba vituo vya namna hiyo huishi kwa wingi wa pikipiki, na njia ya Masoko–Kivinje si Kigali. Hapo hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mama alitoa masharti manne. Atanunua ikiwa kibandiko ni cha LFP, ikiwa chaja ni ile ile iliyokuja na chombo, ikiwa kipimo cha LUKU kitatoa asilimia 75 au zaidi, na ikiwa bei itapunguzwa kulingana na kilichopungua. Muuzaji akikataa kipimo, ataendelea kukodi.

“Ongeza la tano,” Fundi akasema. “Betri ya maji ikifa, mnunuzi wa chuma chakavu anaipima kwa kilo na kukulipa. Hii ikifa, nani ataichukua?”

Mwalimu alisema betri iliyoshuka kwenye 60 bado inaweza kuwasha taa za uvuvi wa dagaa au friji ya dukani kwa miaka. Fundi alikubali, akarudia swali: na baada ya hapo? Mama akamwomba kalamu, akaandika sharti la tano: muuzaji aliyeileta kutoka Dar es Salaam akubali kwa maandishi kuipokea ikirudi.